Parafujo

Januari, Wete, ndani hapalaliki.
Mabati yanalihifadhi jua mchana kutwa
na usiku yanatugawia kidogo kidogo,
kama mtu anayelipa deni asilotaka liishe.

Mimi ni fundi wa feni.
Usicheke. Ya nyumbani kwangu haizunguki,
mota yake nimeipachika kwenye ya Bi Mkasi
ambaye ana pumu, ana wageni kutoka Mombasa,
na ana mdomo.

Basi tunalala uani, mkeka mmoja,
Raya, mimi, na Shuwea katikati,
miguu yake kwenye mbavu zangu.
Ana mwaka na miezi minane,
meno kumi na moja, maneno sita.
La kwanza maji.
La pili pia maji, ila hilo ni la kulilia.
La tatu paka. Kuku naye ni paka,
na mjomba wake Faki ni paka, kwa masharubu yale.

Jumatatu niliifungua feni ya Bi Mkasi barazani,
parafujo nne juu ya kifuniko cha kopo la maziwa.
Nikageuka kubishana bei na muuza changu.
Niliporudi zilikuwa tatu,
na mtoto amekaa kimya.
Mwenye mtoto anajua kimya kile.

Raya akamfungua kinywa kama mnunuzi wa ng'ombe:
uzi wa mkeka, ganda la zambarau,
meno kumi na moja, yote mahali pake.
Nikamwonyesha ya pili. "Mwanangu, iko wapi kama hii?
Hii parafujo. Sema: pa-ra-fu-jo."

"Fujo," akasema.

Neno la saba. Tulifurahi, Mungu atusamehe,
tukasahau kidogo kuogopa.

Siku mbili tukakagua nepi
kama askari wa bandarini wanavyokagua mizigo.
Hakuna. Nikatikisa viatu, nikapekua unga,
nikamwinua kuku akiwa juu ya mayai yake
(akanidonoa; fujo, akasema Shuwea).
Bi Mkasi akamtuma mjukuu:
"Bibi anauliza, feni yake unaitengeneza
au unaikaanga?"

Jumatano adhuhuri beseni la buluu chini ya mpapai,
Shuwea ndani yake hadi kitovuni,
anachota kwa kata, anajimwagia,
anammwagia mama yake, anaumwagia mpapai,
na kila tone analipigia kelele kama analiona mara ya kwanza.
Kumtoa ni vita. Raya alitoka ameroa kuliko aliyeogeshwa.
Shingo ya mtoto nyekundu kwa harara,
akalichukua kopo la poda, lile
ambalo kifuniko chake tulishakipoteza zamani,
akalitikisa.

Likalia.

Akalitikisa tena, polepole, akinitazama.
Likalia kama kayamba.
Sikusema neno. Nilinyoosha kiganja
na parafujo ikadondoka, nyeupe pe, inanukia kama bibi harusi.

Kufika alasiri feni imekamilika,
na umeme umekatika, mtaa mzima.
Bi Mkasi akaja kuichukua hivyo hivyo,
mgeni mmoja akajitwika, mapanga yanageuka kwa upepo wa mwendo wake,
na huo ndio upepo wote tuliouona siku ile.
Alinilipa nusu. Nusu nyingine, alisema,
ataileta ikizunguka.

Usiku, mkeka.
Raya amelowesha kanga, ameikamua, amemfunika mtoto.
"Na yetu lini?" ananiuliza.
"Kesho."
Ameolewa na fundi mwaka wa nne huu,
hakujibu.
Amechukua jalada la daftari la skuli, anapepea:
mara kumi kwa Shuwea,
mara moja kwangu.
Nahesabu.
Mara kumi. Moja.
Mara kumi.
Mara kumi.